Siku Sitini na Mbili

Mkono wa afisa mikopo ulikuwa bado umefunika karatasi, palepale tulipouacha wiki iliyopita.

Ilibaki saini moja tu. Sita zilikwisha tiwa, na Mama Mapazia alikuwa ameshainamisha kalamu kwa ajili ya ile ya saba. Najua wengine wenu mlikwisha anza kumpongeza. Poleni.

"Ngoja kwanza, mama," afisa alisema. "Usisaini."

"Kuna nini tena, mwanangu?"

Kijana alikuwa akitazama kompyuta yake, na lile tabasamu alilokuwa nalo tangu asubuhi lilikuwa limekwenda zake.

Wewe uliyeazima gazeti la jirani na humjui huyu mama, nikupe kwa ufupi tuendelee. Amekuwa akishona mapazia miaka kumi na tisa katika nyumba ya kupanga: duka mbele, vyumba vyao katikati, na chumba cha mwisho chenye mlango wa uani anamolala mama yake mzazi, ambaye haoni. Mwenye nyumba amefariki na warithi wanauza. Mpangaji ana haki ya kununua kwanza, mradi alete barua ya benki kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Saa sita na dakika moja, nyumba ni ya mnunuzi wa pili, ambaye warithi wamekataa kumtaja. Na mpangaji, kwa karatasi, ni mumewe, Mwalimu, kwa sababu marehemu hakupenda kuandikiana na wanawake.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi.

"Mama," afisa alisema polepole, "una kadi ya mkopo ya benki nyingine?"

"Ninayo. Nanunulia bitana na ringi za mapazia."

"Umewahi kuchelewa kulipa?"

"Mara nyingi tu," Mama Mapazia alisema, tena kwa fahari kidogo.

Afisa aliacha kuandika.

"Lakini nimelipa zote," mama aliendelea. "Zote, na kitu juu. Dawa ya deni kulipa, mwanangu. Hakuna hata mmoja anayenidai."

Hapa lazima nimtetee. Wauza vitambaa wana utaratibu wao. Ukikopa jora la kitambaa ukalipa siku ileile mliyopatana, bila kupungua wala kuzidi, muuzaji anajua unamuaga; umepata duka jingine. Mteja wa kweli hungoja akumbushwe. Akikumbushwa mara ya kwanza, hucheka. Mara ya pili, huuliza habari za watoto. Mara ya tatu huja na hela yote na kitu kidogo cha shukrani, chai inanywewa, na deni jipya linaanza palepale. Hayo Mama Mapazia alifundishwa na shoga yake Bi Jora, mwenye duka la vitambaa, na katika miaka yote hayakuwahi kumwangusha.

Basi alipopewa kadi, naye akaitendea kadi vilevile. Binti wa benki akimpigia simu kumkumbusha, alimshukuru na kumuuliza mama yake hajambo. Zile faini za kuchelewa alizihesabu kuwa ndizo kitu kidogo cha shukrani. Alikuwa anajenga urafiki, maskini.

"Yule binti aliyekuwa akikupigia," afisa alisema, "alikuwa anaandika."

"Anaandika nini?"

"Siku." Aligeuza kompyuta ili naye aone. "Hapa siku thelathini na nne. Hapa arobaini na moja. Na hii ya mwezi wa tano, mama, siku sitini na mbili."

"Mwezi wa tano nilikuwa na kazi ya hoteli. Madirisha themanini, na kila dirisha pazia zito na pazia jepesi. Ningepata wapi nafasi ya kwenda benki?"

"Hela hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Yote, kwenye droo, chini ya mikasi. Nikasema hawa ni watu wangu, wataningoja."

Kijana alifumba macho. Kwa mtu wa benki, nadhani hilo lilimuuma kuliko yote aliyokwisha sikia.

"Mama, ile benki yako ya kadi haikuandika kwenye daftari lake peke yake. Kuna ofisi ya kumbukumbu za mikopo. Kila mkopeshaji anapeleka habari huko, na kila mkopeshaji uliyempa ruhusa anasoma. Ukichelewa kwa huyu, unasikika kwa yule."

"Lakini si nililipa?"

"Ulilipa. Pazia likilowa likakauka, limekauka. Lakini alama ya maji si unaiona?"

Aliiona. Ni mara ngapi amemrudishia mteja pazia kwa sababu ya alama kama hiyo, akamwambia, dada, hili halitoki?

"Inakaa muda gani?" aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Miaka. Lakini wewe una siku mbili, basi tuzungumze habari ya siku mbili." Alishusha sauti, kwa kuwa meneja alikuwa anapita nyuma yake. "Tafuta mdhamini mwenye rekodi safi. Mlete leo. Akikubalika, nitakurudishia karatasi hizi, na utasaini hapa hapa."

Kisha akazichukua karatasi zote, na zile saini sita, akazitia kwenye droo na kuifunga.

*

Rekodi safi. Njia nzima Mama Mapazia alikuwa akiyarudia maneno hayo, na alipofika nyumbani alikuwa anakaribia kucheka. Kwani mtu mwenye rekodi safi kuliko wote duniani si alikuwa amekaa dukani kwake, amevaa miwani, anamsaidia kuvuta nyuzi za pindo?

Mwalimu alistaafu mwaka juzi baada ya kufundisha hesabu miaka thelathini na moja. Hajawahi kukopa. Hajakopa nyumba, hajakopa baiskeli, hajakopa hata kiberiti. Harusi yao ilikuwa na wageni kumi na saba kwa sababu hela yake ilitosha wageni kumi na saba. "Kukopa harusi, kulipa matanga," husema, na huisema mbele ya mkewe kila anapoona jora jipya linaingia mlangoni.

"Mume wangu," alimwambia, "vaa koti. Leo ndiyo siku yako."

Alimweleza yote, hata zile siku sitini na mbili. Mwalimu hakumgombeza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimeishi maisha yangu yote nikingoja mtu aniulize kama nadaiwa," alisema. Akaenda kutafuta koti.

Saa nane walikuwa wameketi benki, bega kwa bega. Afisa aliandika namba ya kitambulisho cha Mwalimu, akangoja. Akaandika tena. Akangoja tena.

"Hakuna kitu," alisema.

Mwalimu alimgeukia mkewe. "Si nilikwambia?"

"Hapana, baba. Sina maana ni safi. Nina maana hakuna. Hatukujui."

"Hamnijui?" Mwalimu alisema. "Nusu ya watu wa mji huu nimewasahihishia madaftari yao. Huyo meneja wako nilimfundisha kugawanya."

"Naamini. Lakini rekodi safi ni ya mtu aliyekopa akalipa kwa wakati. Asiyekopa hatujui kama ni mlipaji. Wewe mwenyewe, baba, mwanafunzi akikuletea daftari tupu unampa alama gani?"

Mwalimu alivua miwani, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, mkewe alimwona amechukia jibu la swali la hesabu.

"Sifuri," alisema.

"Sasa umenielewa. Kama angekuwa na hata mkopo mmoja mdogo," afisa alimwambia Mama Mapazia kwa huruma, "hata mstari mmoja tu wa kuanzia, ningekuwa na kitu cha kumwonyesha meneja."

Mama Mapazia hakuyasikia vizuri maneno hayo. Alikuwa akihesabu saa zilizobaki. Aliyeyasikia vizuri alikuwa Mwalimu, na njia nzima ya kurudi alitembea mikono nyuma, kama alivyokuwa akitembea katikati ya madawati wakati wa mtihani.

Tuyaweke hayo akilini, mimi na wewe.

*

Walimkuta mgeni dukani.

Alikuwa amesimama mbele ya pazia la zambarau lililoning'inizwa kwa mteja wa kesho, analipapasa kwa vidole viwili kama anayenunua. Mtu mwembamba, suti ya kijivu, viatu visivyo na vumbi. Kiunoni ana pete kubwa ya chuma, na katika pete hiyo, funguo zisizohesabika. Mtaani wanamwita Bwana Funguo, na wakimwita hivyo hawacheki.

"Dada yangu," alisema. "Mwalimu. Shikamoo. Nimeingia bila kukaribishwa, mnisamehe. Bibi kanisikia akaniambia nikae, lakini nimependa kusimama."

Mama yake Mama Mapazia alikuwa kwenye kiti chake karibu na meza ya kukatia, anahesabu ringi za pazia kwa vidole na kuzifunga kumi kumi kwa uzi. "Sikumwambia akae," bibi alisema. "Nilimwambia asiguse."

"Una shida gani?" Mama Mapazia aliuliza.

"Mimi sina. Nimesikia mwenye shida ni wewe." Aliliachia lile pazia. "Benki hawana subira siku hizi. Mimi ninayo. Sitazami rekodi ya mtu, dada yangu. Natazama uso. Hela yote ya nyumba nakupa leo hii, saini yako na ya mumeo, kurasa mbili, basi. Utanilipa taratibu."

"Nani kakwambia nina shida na benki?"

"Mji ni mdogo."

"Nimetoka benki sasa hivi. Hata jirani sijamwambia."

Bwana Funguo alitabasamu, akashika mlango. "Usijilaumu sana. Watu wengi wanachelewa. Ila sitini na mbili, dada yangu," alisema kwa upole, "sitini na mbili ni nyingi."

Ringi ziliacha kulia mezani.

Siku hizo Mama Mapazia aliziona kwa macho yake asubuhi hiyo hiyo, kwenye kioo kile kimoja. Waliozijua ni yeye, mumewe na yule kijana wa benki.

"Toka," alisema. "Toka dukani kwangu."

"Kwako mpaka Ijumaa saa sita," Bwana Funguo alisema. "Baada ya hapo tutaongea vizuri, maana ninayesubiri nyuma yako kwenye ile foleni ya warithi ni mimi."

Aliacha kadi yake ndogo juu ya meza ya kupigia pasi, akatoka. Walizisikia funguo zake mpaka mwisho wa mtaa.

"Mtu mwenye milango mingi hivyo," bibi alisema, "sijui analala wapi."

Mama Mapazia aliichana ile kadi vipande viwili na kuitupa kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Mwalimu alikuwa anamtazama. Mimi ningekuwa mke wake, ningeiunguza.

*

Alhamisi, kabla hata ofisi ya kumbukumbu za mikopo haijafunguliwa, Mama Mapazia alikuwa mlangoni. Kama mtu amezisoma siku zake, lazima alizisoma mahali.

Mama wa kaunta alikuwa na mafua na hakuwa na maneno mengi. Alimpa fomu, akakitazama kitambulisho chake, akamchapishia kurasa nne.

"Hii ndiyo habari yako yote. Ukurasa wa mwisho ni waliokuuliza."

"Waliokuuliza maana yake nini?"

"Wakopeshaji walioitazama rekodi yako. Kila anayefungua anaacha jina."

Kurasa tatu za kwanza alizipita. Wa nne ulikuwa na mistari minne tu. Mstari wa juu ulikuwa wa benki ya Jumatano. Mitatu iliyobaki ilikuwa ya mkopeshaji mmoja, miezi mitatu mfululizo, na wa karibuni ulikuwa wa wiki iliyopita.

Duka la vitambaa la Bi Jora.

Alisoma tena. Alimwomba mama wa kaunta amsomee.

"Haiwezekani," alisema. "Huyu ni shoga yangu."

"Ulimsainia fomu ya mteja wa mkopo?"

Alisaini. Miaka miwili iliyopita, juu ya jora la hariri, wakicheka. Bi Jora alisema ni mambo ya serikali tu.

"Basi ulimpa ruhusa," mama wa kaunta alisema, akapenga kamasi. "Anayefuata."

*

Duka la Bi Jora lilikuwa limefunguliwa nusu. Rafu ambazo mwezi uliopita zilijaa mpaka darini zilikuwa na nafasi, na penye nafasi palikuwa na vumbi. Mwenyewe alikuwa nyuma ya meza ndefu, futi ya kupimia shingoni, na hakukuwa na mteja.

Mama Mapazia aliuweka ule ukurasa wa nne mezani.

Bi Jora aliutazama, kisha akakaa chini juu ya jora la pamba, na uso wake ukazeeka palepale.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilitaka uje kabla. Sikuwa na uso wa kukuita."

"Umemuuzia yule mtu siku zangu?"

"Sikuuza. Alinitaka nifungue rekodi zenu. Wewe na wengine sita." Alifuta macho kwa ncha ya ile futi. "Na mimi nilichelewa, shoga. Kwa wale wanaoniletea mzigo kwa meli. Niliwafanyia kama tunavyofanyiana sisi. Nikangoja wanikumbushe mara ya tatu. Hawakukumbusha. Waliandika. Benki zote zikanifungia mlango kwa siku moja, na aliyebaki mlangoni ni yeye."

"Na yale uliyonifundisha? Chelewa kidogo, ongeza kidogo?"

"Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Wallahi sikukutega. Nilikuwa sijui kama wewe ulivyokuwa hujui."

Mama Mapazia alitamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja, na alikuwa na hasira kiasi kwamba hakufanya hata moja. Rafiki wa miaka kumi na tano. Aliyeshika taa watoto wake walipozaliwa.

"Sasa duka bado ni lako?"

"Si langu. Mimi nauza tu." Bi Jora alimshika mkono ghafla. "Sikiliza. Akija kwako, usimsainie. Ana kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni mkopo, maneno mazuri, unaelewa kila kitu. Wa pili ni mtupu. Atakwambia ni nakala, ataichapa baadaye, utie saini tu pale chini. Nilitia. Wiki iliyofuata ukurasa wangu ulikuwa umejaa maneno, na maneno yenyewe yalisema nimempa duka."

"Simsainii. Nimeshamfukuza."

Wakati huohuo simu ililia mfukoni mwake. Ilikuwa namba ya benki.

"Mama," afisa mikopo alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana asubuhi sauti yake ilikuwa na nuru. "Nimekaa na meneja. Ni kweli Mwalimu alimfundisha kugawanya. Nikamwonyesha kwamba kila deni ulilipa lote, na kazi ya ile hoteli nikamwonyesha. Amekubali. Riba itakuwa juu zaidi na utatanguliza robo ya bei badala ya sehemu moja ya kumi, sikufichi. Sitini na mbili zitakugharimu miaka. Lakini barua nakuandikia, uichukue kesho saa tatu."

Mama Mapazia alipiga hesabu palepale. Robo angeipata, angeuza cherehani mbili kubwa na gari bovu lililolala uani. Machozi yalimtoka bila kuombwa.

"Mungu akuweke, mwanangu."

"Kuna sharti moja tu, na hili ni la meneja mwenyewe. Kesho asubuhi kabla ya saini nafungua tena rekodi yako na ya mumeo. Zisiwe na jambo jipya. Msikope popote, msimdhamini mtu, msisaini kitu. Ni siku moja tu. Mnaweza?"

"Siku moja?" Mama Mapazia alicheka, kicheko chake cha kwanza wiki hiyo. "Mume wangu ameweza miaka sitini na tatu."

*

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Jua lilikuwa limewaka, duka liko wazi, bibi yuko kwenye kiti chake na ringi zake, na Mwalimu amesimama katikati ya chumba amevaa koti la jana. Mezani palikuwa na bahasha. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi.

"Mume wangu, wamekubali," alisema kutoka mlangoni. "Benki wamekubali. Kesho saa tatu."

"Bila hata ya mstari wangu?"

"Mstari gani?"

Mwalimu alicheka, akashika ile bahasha. "Basi nimejihangaisha bure. Si yule kijana alisema daftari langu ni tupu? Akasema hata mkopo mmoja mdogo wa kuanzia? Nimelala nalifikiria. Asubuhi nikasema, hesabu ni rahisi: nikope kidogo leo, nirudishe yote kesho asubuhi, niwe na mstari mmoja safi kabla ya saa sita. Hela hii hapa. Sijaigusa hata noti."

Mama Mapazia alitazama kapu la vipande vya vitambaa. Lilikuwa limepekuliwa.

"Umekopa kwa nani?"

"Najua humpendi. Lakini nikasema, hela ya kulala usiku mmoja tu ina madhara gani? Alikuja mwenyewe nilipompigia. Hakukaa hata robo saa."

"Zilikuwa funguo zilezile," bibi alisema. "Nilimwambia mumeo. Akaniambia, mama, hii ni hesabu."

"Mume wangu." Alimfuata mpaka karibu, akamshika kola ya koti kwa mikono yote miwili. "Umesaini kurasa ngapi?"

"Mbili."

"Wa pili ulikuwa na nini?"

Mwalimu, ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuacha nukta ya mwanafunzi impite, alikunja uso akijaribu kukumbuka.

"Haukuwa na kitu," alisema. "Alisema ni nakala, ataichapa akifika ofisini. Kwa nini? Mke wangu, kuna nini?"

Simu ya duka ililia. Alikuwa binti wa marehemu, yule mkubwa kati ya warithi, na alikuwa na haraka.

"Mama, habari za hapo? Tumepata barua ya Mwalimu sasa hivi. Ametuandikia vizuri, lakini tumeumia kidogo. Kama mlikuwa hamna nia ya kununua tena, si mngetuambia mapema?"

"Barua gani, binti yangu?"

"Hii ya kuacha haki yenu na kuhama leo. Imesainiwa na yeye mwenyewe, saini yake naijua, ni hiyo hiyo ya kwenye mkataba. Tena huyu bwana amekuja na hela yote mkononi, ndugu zangu wamekataa kungoja kesho. Tumeshamkabidhi. Pole sana kwa usumbufu, mama."

"Mmemkabidhi nini?"

Lakini simu ilikwisha katwa. Mama Mapazia alibaki ameishika. Mwalimu alikuwa amesimama mbele yake, mikono imening'inia. Alikuwa ameshaipiga ile hesabu na ameona jibu.

Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye ringi zake, akautegea sikio upande wa nyuma wa nyumba, kule kwenye chumba chake cha mwisho, kwenye ule mlango wa uani ambao ufunguo wake wa pili ulikuwa kwa mwenye nyumba.

"Mwalimu," bibi aliita, "ni wewe unayefungua mlango wangu?"